Kabla hujafuta mzizi wa pili

Juzi usiku kijana mmoja msomaji wa hapa aliniandikia: "Kaka, nimefuta folda ya chroot, na picha zangu zote za kwenye home zimeondoka nayo. Inakuwaje?" Chroot ni amri ya Linux inayoifanya programu ione folda fulani kama ndiyo mzizi, yaani "/", mwanzo wa mafaili yote; home ni folda ya mafaili ya watumiaji. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Yaliyompata yalishanipata mimi, ila sijawahi kuyasimulia.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa kutunza seva kwenye ofisi moja, sitaitaja. Kulikuwa na programu kuukuu ya hesabu iliyogoma kufanya kazi kwenye toleo jipya la Debian, mojawapo ya aina za Linux. Wenzangu wakasema inunuliwe mashine nyingine. Nikasema ya nini? Nikashusha Debian ya zamani kwa debootstrap, zana ya kuweka Debian ndani ya folda, nikaiweka /srv/zamani, nikapiga `chroot /srv/zamani /bin/bash`, basi. Kuanzia hapo programu ikiandika "/" inapelekwa /srv/zamani, haijui kama juu yake kuna kitu kingine. Kernel, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha mashine, ni ile ile moja. Ufundi wenyewe si mgeni, upo tangu toleo la 7 la Unix, mfumo ulioigwa na Linux, mwaka 1979, lakini pale ofisini nilionekana mchawi. Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Sasa programu ilihitaji mafaili ya wahasibu. Nikaiunganishia: `mount --bind /home /srv/zamani/home`. Hapo ndipo nilipojitegea mtego. Bind hainakili kitu. Inafungua mlango wa pili wa chumba kile kile.

Baadaye programu ikabadilishwa. Ijumaa jioni, mkoba uko begani, nikaandika `rm -rf /srv/zamani`, amri ya kufuta folda na vyote vilivyomo bila kuuliza. Ikakawia. Nikasingizia uzee wa diski. Mara simu ya uhasibu: "Kaka, mafaili yangu yanapotea huku nayaona!" Nikabonyeza Ctrl-C kuikatisha, lakini rm ilishapita ule mlango wa pili, nusu ya /home imeshakwenda. Bakapu ya mwisho ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Bosi akaniuliza mbele ya watu, "Hivi wewe ulisomea nini?" Miaka imepita, na swali hilo bado linanijia nikiwa naoga.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya rm andika `mount | grep zamani`, ikuonyeshe vilivyounganishwa humo. Kila kinachotokea kitenganishe kwa amri ya umount, kisha andika tena uone kama kweli hakuna kitu. Wapo watakaokwambia tumia `rm --one-file-system`, isivuke kwenda patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa) nyingine, ulale usingizi. Inakulinda tu kama /home iko kwenye patisheni yake. Ikiwa patisheni moja na mfumo, kama yangu, rm haioni tofauti yoyote, inafagia. Angalia mount. Nasema tena, angalia mount.

Sisemi mwiogope chroot. Mwezi uliopita nililetewa kompyuta iliyokatikiwa umeme katikati ya apdeti, haiwaki, na fundi wa kwanza alishasema ifomatiwe. Nikaiwasha kwa flashi, nikaunga patisheni yake kwenye /mnt pamoja na folda za mfumo dev, proc na sys, nikaingia kwa chroot, nikapiga `dpkg --configure -a` kumalizia apdeti iliyokatika, halafu grub-install na update-grub kurudisha GRUB, programu inayowasha mfumo. Haikufika saa moja, mwenyewe ananipigia makofi. Vijana mnakimbilia kufomati kwa sababu hamtaki kusoma! Na wengine mnafungia programu ndani ya chroot huku inaendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, mkidhani mmejenga jela. Root anatoka humo akitaka.

Yule kijana nilimwambia azime kompyuta palepale, asiandike chochote kwenye diski ile, aiwashe kwa flashi na kujaribu PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, zilizookolewa aziweke kwenye diski ya nje. Leo asubuhi amenijibu. Za harusi ya dada yake nyingi zimerudi, ila majina yote yamegeuka namba, na sasa anazifungua moja moja.