Sekunde 707, tena!

Nimeletewa mchoro wa mapigo ya sekunde 707, eti nyota inapiga hivyo kwenye data za Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani. Huu ni wa tatu sasa. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mtanizeesha. Kabla ya kuniletea wa nne, someni haya.

1. Kichujio cha ACIS, kamera ya Chandra, kimekuwa kikishika uchafu tangu Chandra irushwe mwaka 1999. Tengeneza ARF (faili la uwezo wa darubini kukusanya eksirei) ya tarehe ya data yako, usiazime ya mwenzio.

2. Fotoni 40 ni chache mno kwa kipimo cha chi-mraba. Tumia takwimu ya Cash, iliyoundwa kwa hesabu ndogo, tusibishane.

3. Kabla ya kutangaza mapigo, angalia chanzo kimekaa wapi kwenye chipu ya kamera. Hapa nina kovu.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamivu, sote tumelewa fungunyota la Westerlund 1. Chandra ilikuwa imenasa humo magneta (nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali mno) inayopiga kila sekunde 10.6, na watu wakakokotoa kwamba nyota mama ilizidi masi 40 za Jua. Nami nikataka yangu. Kwenye fungunyota langu, mbali na katikati, kulikuwa na chanzo chenye spektra ngumu, yaani eksirei za nishati ya juu, kisicho na mwenza kwenye picha za infraredi. Saa tano usiku periodogramu, mchoro wa kusaka mapigo, ikatoa kilele cha sekunde 707 kilichosimama kama mlingoti. Sikulala. Kufikia asubuhi nilishakitungia hadithi: nyota ya nyutroni inayozunguka kwa uvivu, ikinyonya upepo wa jirani yake.

Wiki tatu nikapamba slaidi. Nilipowasilisha, mama mmoja mtafiti aliyekaa nyuma aliuliza neno moja tu: "Na kwenye 1000 kuna kitu?" Kilele kilikuwepo, kifupi, nilikiita kelele. Akacheka mpaka akavua miwani. Chandra huyumbishwa kwa makusudi ili chanzo kisigande kwenye pikseli zilezile: mhimili mmoja kwa sekunde 707, mwingine kwa 1000. Chanzo changu kilikuwa ukingoni mwa chipu, PSF (doa linalochorwa na chanzo kwenye chipu) imetanuka, na kila mzunguko sehemu yake ilidondoka nje. Nyota ilikuwa imetulia zake, mimi nahesabu darubini inavyopepesuka. Na ramani ya ekspoja, inayoonyesha kila sehemu ya picha ilitazamwa kwa muda gani, nilikuwa nayo siku zote! Niliitumia kurembesha picha ya jalada.

4. Ukiona mng'ao wa eksirei uliotanda kati ya nyota, usikimbilie kuimba gesi moto. Ondoa kwanza nyota changa ndogo ambazo darubini haikuzitenganisha. Nebula ya Orioni, kitalu cha nyota, mwaka 2003 ilitazamwa na Chandra karibu siku 10, vikahesabika vyanzo zaidi ya 1,600, na Orioni iko jirani. Wewe una saa chache na fungunyota lililo mbali mara kumi, halafu unaniambia umeona vyanzo 90 na mng'ao uliobaki ni gesi moto ya upepo wa nyota? Nyota changa zimo humo, zinafoka miali ya eksirei kila kukicha. Niliwahi kumkatalia mtu rasimu mara nne kwa hili. Bado ananisalimia, kwa shida.

5. Sahihisha saa za kufika fotoni hadi kitovu cha masi cha mfumo wa Jua, maana darubini nayo inasafiri na Dunia.

Na wewe wa mchoro wa tatu, nimeshafungua faili lako. Njoo kesho na ramani ya ekspoja. Slaidi acha.