Maswali na majibu: "Umesimulia tu"

Barua za safari hii zimetoka karibu zote kwa wanafunzi waliopewa kitabu wakaambiwa "hakiki", yaani wakichambue na kukipima. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Shikamoo mwalimu. Nilisoma riwaya yote, nikaandika kurasa nne, nikarudishiwa na maneno mawili ya wino mwekundu: "Umesimulia tu." Sasa nifanyeje?

Marahaba. Ichukue hiyo insha, upige mstari chini ya mtenda wa kila sentensi. Ukikuta ni wahusika watupu, huyu anaondoka, yule anarudi, anaoa, anafilisika, basi msahihishaji hakukuonea. Mhakiki ana mtu mwingine wa kumfuatilia: msimulizi, ile sauti inayoamua tuone nini, tukione lini, na tukae nacho kwa muda gani.

Tuseme riwaya yako ina baba anayefariki na watoto wanaogombea urithi. Anayesimulia ataandika: "Baba anafariki, kisha watoto wanagombania mali." Anayehakiki ataandika: "Kifo cha baba kimepewa sentensi moja, ugomvi wa mali ukapewa sura nzima, inaonekana watoto hawa walikwishamzika baba yao zamani." Tukio ni lile lile. Huyu wa pili amehesabu, kisha akajiuliza kwa nini hesabu imekuwa hivyo.

Usimulizi wote usiufute. Mistari miwili mitatu inatosha kumweka msomaji mahali pake. Anayekusahihisha amekwishakisoma kitabu, au tuseme ndivyo tunavyomdhania.

Kitabu tulichopewa kimenikera tangu ukurasa wa kwanza. Naruhusiwa kusema hivyo kwenye insha?

Unaruhusiwa, na afadhali wewe uliyekereka. Nimesahihisha insha nyingi mno zinazoanza na "mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa", na sikumbuki hata moja iliyoniambia amefaulu nini.

Ila kukereka ni dalili tu. Kutafuta chanzo chake ni kazi yako. Rudi pale ulipotaka kukifunga kitabu, uyatafute maneno yenyewe yaliyokuudhi. Mfano ninaoupenda ni wa Chinua Achebe, mwandishi wa riwaya wa Nigeria. Mwaka 1975 alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, kuhusu riwaya fupi ya Joseph Conrad, Heart of Darkness, inayosimulia safari ya baharia Mzungu barani Afrika, kitabu kilichokuwa kikisomeshwa kama kazi bora isiyo na mjadala. Achebe alisema waziwazi kwamba Conrad ni mbaguzi wa rangi. Hilo peke yake lingekuwa tusi tu, na lingesahaulika. Lakini alikwenda kwenye matini, yaani maandishi yenyewe, akaangalia nani anasema na nani hasemi. Akaonyesha kwamba Waafrika wamejaa kitabuni kama mikono, macho na kelele, ila karibu hawapewi kauli. Na mara hizo chache wanapofunguliwa kinywa, maneno yenyewe ni ya kuwashusha. Ndiyo maana mpaka leo, hata asiyekubaliana naye hana budi kumjibu.

Kwa hiyo andika kwamba kimekukera. Halafu nionyeshe ukurasa.

Msimulizi wa riwaya yetu anawadharau wanawake. Naweza kuandika kwamba mwandishi anawadharau wanawake?

Usikimbilie huko. Msimulizi ni mtu aliyebuniwa, sawa na wahusika wengine, na mwandishi anaweza kumpa ulimi mchafu makusudi ili tumsikie anavyojianika. Kwenye ushairi tuna neno zuri, nafsineni, yaani ile sauti inayosema ndani ya shairi, linalotuzuia kumsukumia mshairi kila linalosemwa na "mimi" wa shairi.

Lakini hicho kisiwe kichaka cha kumfichia kila mwandishi. Watetezi wa Conrad walisema vivyo hivyo: maneno ni ya Marlow, yule baharia anayesimulia, si ya Conrad. Achebe alikuwa amekwishaliona pingamizi hilo. Alijibu kwamba Conrad hakutuachia ndani ya kitabu mahali pengine pa kusimama, pa kumpimia Marlow na kumwona amekosea.

Swali lake hilo liazime. Je, katika riwaya yenu kuna tukio linalomsuta msimulizi? Kuna mwanamke anayetenda kinyume cha alivyoelezwa? Kuna mahali msimulizi anajipinga mwenyewe bila kujua? Ukiyapata hayo, dharau ni ya msimulizi, na mwandishi ameisuka kwa ufundi. Usipoyapata kabisa, hapo una haki ya kumgeukia mwandishi. Insha nzuri hapa inaweza pia kusema ushahidi umegawanyika, mradi uweke pande zote mbili mezani.

Sisi tumepewa tawasifu. Hayo ni mambo yaliyomtokea mtu kweli. Nitahakiki nini?

Swali hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Wengi wakisikia "kisa cha kweli" wanaweka kalamu chini, kana kwamba kuhakiki ni kumwita mwenye kisa mwongo.

Mtazame Frederick Douglass. Alitoroka utumwani Marekani mwaka 1838, na mwaka 1845 akachapisha tawasifu yake ya kwanza. Msomaji anangoja kwa hamu sura ya kutoroka, akifika anakuta mwandishi hasemi alitoroka vipi. Anaeleza hata sababu: angewaponza waliomsaidia, na angewafungia njia wengine waliobaki. Mpaka mwaka 1881, utumwa ukiwa umekwishafutwa, ndipo alipoandika kwamba alivaa kibaharia, akapanda treni na hati za kuazima. Kitabu cha 1845 hakikudanganya kitu. Kilichagua tu la kunyamazia, na ukimya huo unatueleza hatari ya wakati ule kuliko ambavyo kisa cha treni kingeeleza.

Kitabu hicho kinafunguliwa na dibaji ya William Lloyd Garrison, Mzungu mpinga utumwa, anayemthibitishia msomaji kwamba haya ni kweli na yameandikwa na Douglass mwenyewe. Jiulize: kwa nini mtu anayesimulia maisha yake alihitaji mdhamini? Basi, umekwishaanza kuhakiki.

Kwenye tawasifu yenu tafuta vitu vya namna hiyo. Mwandishi ameanzia wapi maisha yake, na kwa nini hapo? Miaka gani imerukwa? Nani ametajwa kwa jina na nani ameitwa "mtu mmoja"? Alipoandika alikuwa na umri gani, na anamsamehe au anamcheka yule kijana aliyekuwa yeye? Kama mlichopewa ni makala ya hoja, kazi inabadilika kidogo: tenga dai na ushahidi, kisha tafuta lile jambo ambalo mwandishi amelichukulia kuwa sote tunalikubali, ndiyo maana hakulitaja. Mara nyingi makala huvunjikia hapo.

Nina mwongozo wa kitabu, na simu yangu ina programu ya akili unde. Vibaya kuvitumia?

Inategemea unavifungua saa ngapi. Mwaka 1929 I. A. Richards, mwalimu wa Cambridge, alichapisha matokeo ya jaribio alilowafanyia wanafunzi wake: aliwapa mashairi yasiyo na majina ya washairi, wakaandika maoni yao. Washairi wenye sifa kubwa walidharauliwa, na beti za wasio na jina zikasifiwa. Watu huisimulia habari hii ili kuwacheka wale wanafunzi. Mimi naona walikuwa na bahati, kwani waliona wazi wanasoma vipi wakiachwa peke yao. Richards aliwakuta, pamoja na makosa mengine, na majibu ya akiba: ukitajwa mama au kifo, hisia iliyowekwa ghalani inatoka, hata kama shairi linasema jingine.

Mwongozo ni ghala la majibu hayo, na programu ni ghala kubwa zaidi lenye mlinzi mchangamfu. Soma kwanza, uandike ukurasa mmoja mbaya wa kwako. Kisha vifungue, na ugombane navyo.

Mwalimu wetu ana msimamo wake kuhusu kitabu. Nikimpinga nitafeli?

Wapo wa namna hiyo, siwezi kukuficha. Ila wengi, nikiwemo mimi, tunachoka kusoma maneno yetu wenyewe yakiturudia yakiwa na makosa ya tahajia. Utaje msimamo wake kwa haki, kisha nenda kwenye kifungu alichokiruka.

Nukuu ngapi zinatosha kwenye insha ya kurasa tatu?

Zile tu ulizo na la kusema juu yake. Ukinukuu mistari minane halafu ukaendelea na aya nyingine, umejaza karatasi.