Wali wa nazi usiuache

Mwanangu,

Asalamu alaykum. Umeniuliza utapunguaje mwili bila kuacha wali wa nazi, maana huko Malindi umeshauriwa ule kabichi ya kuchemsha mchana na usiku. Wali usiuache. Kinachokunenepesha ni mafuta na tui vinavyomiminwa bila kupimwa, pamoja na sukari ya chai ambayo hakuna anayeihesabu.

Nianze na nazi, kwa kuwa hapo ndipo penye kazi. Nazi moja ukishaikuna, itie kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, uifikiche, uikamue kwa kifumbu. Hilo ni kasimele, na mafuta mengi ya nazi yamo humo. Liweke kando. Machicha yaleyale yatie maji vikombe 3, ukamue tena. Tui hili la pili ndilo la wali. Vikombe 2 vya mchele wa pishori, ulioroweka nusu saa na kuuchuja, vyataka vikombe 3 vya tui hilo na chumvi kijiko kidogo. Likichemka tia mchele, na likikaribia kukauka punguza moto, funika, upalie makaa machache juu kwa dakika 15. Harufu ya nazi utaipata. Wali ukitoka bokoboko, usilaumu wepesi wa tui: mchele ulikaa majini mno, nawe hukupunguza kipimo.

Kasimele liende kwenye chungu kimoja tu kwa kila mlo. Wali wa nazi, mbaazi za nazi na samaki wa nazi kwenye sinia moja, hapo ndipo watu wengi wa kwetu wanapoharibikiwa. Ukipika samaki wa kupaka, mchicha upike kwa kitunguu na nyanya tu.

Huyo samaki usimkaange kwanza. Changu wa nusu kilo mchanje, mpake thomu (kitunguu saumu), tangawizi, pilipili, chumvi na ndimu, umchome makaani. Nusu kikombe cha kasimele kinawatosha watu wawili. Lipike kwa moto mdogo ukilikoroga bila kuacha mpaka liwe zito, na ndimu yake uitie ukishaepua. Moto mkali na ukali wa ndimu hulikata tui. Likishakatika mafuta huelea juu, na mpishi huongeza tui jingine kuficha.

Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko, usimimine kutoka chupani. Kijiko kikubwa kimoja kina karibu kalori 120, na mchuzi wa watu wanne unatosheka na vijiko 2. Kitunguu kikianza kushika chini, nyunyiza maji kijiko kimoja, kwangua kwa mwiko, acha yakauke, nyunyiza tena. Mara ya tatu au ya nne kitakuwa kimelainika na kuiva rangi. Ukiona mafuta yamekizunguka yakimetameta, ushazidisha.

Mahamri yawe ya Ijumaa tu. Yakaange mafuta yakishapata moto barabara: tupia kidonge cha unga, kikizama kisiibuke upesi, mafuta bado, na hamri litayanywa. Siku nyingine kula mkate wa mofa, ambao huokwa, haukaangwi.

Chai: vijiko vidogo 3 vya sukari katika kila kikombe, kwa vikombe 4, ni gramu 48 hivi kwa siku. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi hautateta. Kahawa chungu na tende mbili nayo ni nzuri.

Ukipakua, anza na mboga zijae nusu sahani, kisha samaki, wali uwe wa mwisho, kiasi cha ngumi yako. Wali ukitangulia, mboga hazipati nafasi.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Wiki tatu zikipita na mizani haijasogea, usikimbilie kuupunguza wali. Rudi kwanza kwenye kile kijiko cha mafuta, uone kama bado unakitumia.

Mamako, Lamu