Jibu: Chembe hazijipangi ingawa sumaku ina nguvu

Umeuliza kwa nini uwiano wa Mr/Ms wa mkanda wako wa kurekodia, uliopakwa rangi yenye chembe za sumaku (usumaku unaobaki, kugawanya kwa ule wa juu kabisa) umekwama kwenye 0.6 hata baada ya kuongeza nguvu ya sumaku inayozipanga chembe hizo upande mmoja. Chembe zilizokaa ovyo kabisa hutoa 0.5, kwa hiyo zako zimejipanga kidogo tu. Usiongeze nguvu tena! Uga (eneo la nguvu ya sumaku) mkali mno huzikusanya chembe kuwa mabonge, uso wa mkanda unaparuza na kelele kwenye ishara inapanda.

Angalia mahali tabaka la rangi linapokaukia. Chembe zenye umbo la sindano hugeuka upesi kwenye rangi mbichi, lakini mkanda unapotoka kwenye sumaku mistari ya uga hupinda na kuzivuruga upya. Tumia koili ndefu, upulize hewa ya moto humo humo ndani, ili tabaka liwe limeanza kuganda kabla ya kutoka. Kagua na usagaji wa rangi pia: chembe zilizoshikana hazigeuki moja moja.

Ukikusudia kukata diski laini (floppy) badala ya mkanda, usizipange kabisa. Diski huzunguka, chembe zikielekea upande mmoja, ishara ya kusomea itapanda na kushuka mara 2 kila mzunguko.