Naweza kutafuta wawekezaji kupitia blogu yangu?

SWALI: Wakili, habari za kazi? Nimesajili kampuni changa Delaware, Marekani. Blogu yangu ina wasomaji wengi, nataka niwatangazie kuwa tunauza hisa ili tupate mtaji wa dola 400,000. Mwanablogu mwenzangu naye yuko tayari kutuletea wawekezaji kwa kamisheni ya asilimia 5. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Usichapishe kitu kwanza.

Sheria ya Dhamana ya Marekani ya mwaka 1933 (dhamana hapa ni hisa na mikataba mingine ya uwekezaji) inamtaka anayeuza hisa aziandikishe kwa SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji, au awe na msamaha wa kutoandikisha unaotambulika. Gharama ya kuandikisha hutaiweza, kwa hiyo tuzungumzie msamaha.

Unaotumika sana ni Kanuni ya 506(b) ya SEC. Haina kikomo cha fedha, ila inakataza kabisa kutangaza kwa umma. Unaowaendea wawe watu mliojuana kabla, kiasi cha wewe kuielewa hali yao ya kifedha, na mtu kusoma blogu yako si kujuana. Makala moja ya "karibuni mwekeze" inaweza kukufungia njia hii, hata ukiifuta kesho yake.

Ukishikilia kutangaza, tumia 506(c), iliyoanza Septemba 2013. Hapo kila mnunuzi lazima awe mwekezaji aliyetimiza vigezo. Kwa mtu binafsi, vigezo vinavyotumika zaidi ni utajiri unaozidi dola milioni 1 baada ya kutoa madeni, bila kuhesabu nyumba anayoishi, au kipato kilichozidi dola 200,000 kwa mwaka kwa miaka 2 iliyopita, na kinachotarajiwa kuzidi hapo mwaka huu pia. Kumfanya aweke tiki kwenye fomu hakutoshi. Unatakiwa kuhakiki, kwa mfano kwa hati zake za kodi au barua ya mhasibu wake. Wasomaji wako wangapi watafika hapo? Kama ni wachache, wauzie watu wa kawaida kwa njia ya uchangishaji wa umma (crowdfunding): mwisho dola milioni 5 kwa miezi 12, na mauzo yapitie jukwaa lililosajiliwa SEC, si blogu yako.

Huyo mwenzako ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Kulipwa asilimia ya mtaji anaouleta kunamfanya aonekane dalali wa dhamana asiye na usajili. Hata ukimlipa ada ya mkupuo kwa kuandika tu, sheria inamtaka aseme wazi kwamba amelipwa, na kiasi gani.

Wengine hudhani mkataba wa SAFE, ambao mwekezaji hutoa fedha sasa ili apate hisa baadaye, unawaponya kwa kuwa hisa hazijatolewa bado. Nao ni dhamana vilevile. Ukikosea, mnunuzi anaweza kudai fedha zake pamoja na riba, na wakili wa mwekezaji mkubwa atakayekuja baadaye atalichimbua deni hilo.

Ukiuza chini ya 506, peleka Fomu D, yaani taarifa ya mauzo hayo, kwa SEC ndani ya siku 15 tangu mauzo ya kwanza. Majimbo nayo hudai taarifa zao, na linaloangaliwa ni jimbo anakoishi mwekezaji, kwa hiyo usajili wa Delaware peke yake haukumalizii kazi.