Maswali na majibu: Adui hapimwi kwa ngumi

Barua za wiki hii ni nyingi, na karibu zote zinauliza jambo lilelile: nani angempiga nani kwenye One Piece, ile manga ya Kijapani ya maharamia. Nimechagua zile zinazonipa nafasi ya kurudia ninachokiamini tangu nianze ukurasa huu. Ukitaka kujua ukubwa wa adui, angalia amewanyang'anya watu kitu gani. Ambaye hajamaliza sehemu ya nchi ya Wano aishie hapa, maana nataja yaliyotokea huko.

Tupangie maadui kumi wa One Piece kuanzia mwenye nguvu kuliko wote. Tumia dau la kichwa ili kusiwe na ubishi. (Msomaji, Mwanza)

Sipangi. Swali hili huja kila wiki, na kila wiki anayeuliza ameshika dau la kichwa kama vile ni matokeo ya mtihani wa taifa. Dau, yaani zawadi ya atakayemkamata mtu, linawekwa na Serikali ya Dunia ya humo, na linaonyesha mtu anavyoinyima serikali usingizi. Nico Robin alikuwa na miaka 8 alipowekewa beri (fedha ya humo) milioni 79, tena akasingiziwa kwamba amezamisha manowari sita. Kosa lake lilikuwa kujua kusoma mawe ya kale ambayo serikali haitaki yasomwe. Crocodile, aliyebakiza kidogo tu aupindue ufalme mzima wa Alabasta, alikuwa na milioni 81, kwa sababu ukikubali kuwa haramia wa serikali dau lako hugandishwa pale lilipofika. Kwa mizani yako basi, Crocodile na mtoto wa miaka 8 wametofautiana milioni mbili.

Au mchukue haramia Buggy. Alianza na milioni 15, leo ana bilioni 3.189, kwa sababu bango la matangazo lilimchora kana kwamba maharamia wazito Crocodile na Mihawk ni vijana wake. Ngumi yake haijaongezeka hata chembe. Nawaombeni, msinitumie tena orodha za dau.

Mwandishi, shikamoo. Kwa nini kila mara unamtaja Arlong? Usopp wa sasa hivi anamlaza asubuhi kabla ya chai. (Msomaji wa kidato cha nne, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Ni kweli, hata sibishi. Haramia Arlong alikuwa na dau la milioni 20, la juu kuliko yote katika Bahari ya Mashariki, na ukimpeleka Wano hafiki hata bandarini. Lakini wewe umeangalia ngumi tu. Mimi nimeangalia jikoni kwa Bellemere, mama mlezi wa Nami.

Rudi usome ukurasa ule polepole. Arlong ameingia kijijini na kutangaza bei ya uhai: beri laki moja kwa mtu mzima, elfu hamsini kwa mtoto. Watu wanakusanya walichonacho wanalipa, na maharamia wanajiandaa kuondoka. Nyumba ya Bellemere iko pembeni, hawajaiona. Kinachowaonyesha ni moshi wa chakula cha jioni. Mama yule ana laki moja na chenji kidogo. Inamtosha yeye peke yake, au inawatosha watoto wawili aliowaokota vitani na kuwalea. Askari wa kijiji anamfungulia mlango wa kutokea: aseme hana watoto, maana hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba Nami na Nojiko ni wake. Meza iko pale ndani, chakula cha watu watatu kiko tayari. Bellemere anasema fedha hizo ni za binti zake wawili. Anapigwa risasi mbele yao.

Kisha hesabu kinachofuata. Nami, akiwa na miaka 10, anafanywa mchora ramani wa muuaji wa mama yake. Anaahidiwa kukinunua kijiji kwa milioni 100. Kwa miaka 8 anaiba, anapigwa, anatukanwa na watu anaowaokoa. Amefikisha milioni 93 ndipo ofisa wa jeshi la wanamaji aliyehongwa na Arlong anakuja kuzifukua zote kwa jina la sheria. Arlong hakuvunja ahadi kwa mkono wake, alimtuma mwenye sare. Wangapi kati ya maadui wako wa bilioni nne wamefanya jambo linalouma hivyo?

Halafu mwisho wake. Luffy, nahodha ambaye ndiye steringi wa hadithi, anaingia kwenye chumba cha ramani, anaokota kalamu ya Nami na kukuta ina madoa ya damu. Haambiwi historia, haulizi. Anaanza kuvunja meza, makabati, ramani, kuta, mpaka jengo zima linaanguka. Adui aliyeandikwa vizuri humfanya steringi ajue cha kuvunja. Ndiyo maana namtaja Arlong, na nitaendelea kumtaja.

Enel na Kizaru, nani mkali? (Msomaji, Kahama)

Hawajawahi kukutana.

Hivi Haki ya One Piece ni haki hii yetu ya Kiswahili? Rafiki yangu anabisha kwamba Oda, mwandishi wake, alichukua kwetu. (Msomaji, Morogoro)

Rafiki yako amekosea. Ni neno la Kijapani lenye maana ya nguvu ya nia, ile hamu kubwa ya kutawala inayowafanya wengine wanywee, na kufanana na neno letu ni bahati tu. Ila nafurahi umeuliza, maana mkanganyiko huu unaharibu mijadala mingi ya Kiswahili. Mtu anaandika "Akainu ana haki", akimsema yule mkubwa wa jeshi la wanamaji, na wenzake hawajui kama anazungumzia ngumi iliyotiwa nguvu hiyo ikawa nyeusi au anatetea mauaji.

Neno ambalo kweli ni haki yetu liko mgongoni mwa makoti ya maofisa wa jeshi la wanamaji. Hapo ndipo Akainu anapotisha. Siku kisiwa cha Ohara, kwao Robin, kinachomwa, kuna meli ya wakimbizi, raia watupu, na yeye anailipua kwa hofu kwamba huenda msomi mmoja amejificha humo. Hakuwa mlevi wala mwenye hasira siku ile. Alikuwa kazini. Wanaomweka nje ya orodha ya maadui kwa sababu si haramia wafikirie meli ile, na wamfikirie Robin aliyekuwa akitazama.

Nampenda sana Doflamingo. Watu wananishangaa, lakini aliteswa utotoni, si kosa lake. (Msomaji, Kigoma)

Kumpenda kama mhusika ni sawa kabisa, dada. Ana miwani, ana koti la manyoya, ana kicheko, na ndiye aliyesema wakati wa vita vya Marineford kwamba anayeshinda ndiye atakayeamua haki ni nini. Maneno hayo yanakaa kichwani kwa sababu yana ukweli ndani yake.

Ila hapo kwenye "si kosa lake" nakusimamisha. Ni kweli baba yake aliishusha familia kutoka kwa wateule wa Mariejois, tabaka la juu kabisa duniani humo, akitaka waishi kama binadamu wengine, na watu waliokuwa wamedhulumiwa na tabaka lile wakalipiza kisasi kwa watoto. Inasikitisha. Lakini Rosinante, mdogo wake wa tumbo moja, alining'inizwa ukutani pamoja naye siku ileile, akapigwa na watu walewale. Alikua akawa mtu aliyejitoa roho ili mtoto mmoja mgonjwa apone. Aliyemuua ni Doflamingo. Mwandishi ametuwekea ndugu hao wawili makusudi ili tusiseme unachosema wewe.

Kisha nenda Dressrosa, ufalme alioutawala, uone alichokijenga. Watu wanageuzwa wanasesere, na kila anayegeuzwa anafutika kwenye kumbukumbu za waliompenda. Kyros, mwanasesere wa mguu mmoja, anampakata mke wake Scarlett anayekata roho, na mke hamjui anayemshika ni nani. Anakufa akidhani yuko mikononi mwa mgeni. Mpende Doflamingo, lakini usiruke ukurasa huo. Na ninakuonya kama ndugu: nimeona vijana wakibandika picha yake na kauli za ubabe, kama mwalimu wa maisha. Huyo alimuua baba yake mzazi akiwa na miaka 10 na kukibeba kichwa chake akitafuta kurudishiwa cheo.

Nataka kuona Kaido tu. Nianzie sura ya ngapi? (Msomaji, Arusha)

Ya kwanza.

Katakuri ameshindwa na Luffy lakini mashabiki wanamheshimu kuliko waliomshinda Luffy. Kwa nini? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu ya tumbo lake. Wapo kwenye dunia ya vioo, Luffy amepigwa mpaka hana sura, na Flampe, mdogo wake Katakuri, anampiga Luffy kwa siri na sindano ya ganzi ili kaka yake ashinde. Katakuri akigundua, anauchukua mkuki wake na kujichoma ubavuni ili walingane. Anauvua pia ule mtandio aliouvaa miaka yote kuficha mdomo wake, mbele ya mdogo mtu ambaye anajua atamcheka. Dau lake ni bilioni 1.057, na hakuna anayelikumbuka. Watu wanakumbuka jeraha la ubavuni. Hapo ndipo unapoona kwamba heshima ya adui haitokani na kushinda.

Tena tofautisha na Crocodile. Alimshinda Luffy mara mbili. Mara ya pili Luffy alikuja na pipa la maji, ya tatu akampiga kwa ngumi zilizolowa damu yake mwenyewe. Crocodile hakuheshimu mtu hata mara moja katika mapambano yote hayo, na bado ni adui mtamu, kwa sababu alichoiba Alabasta ni mvua. Aliiba mvua na watu wakamshangilia kama mkombozi wao huku mzee Toto akichimba mchanga wa Yuba usiku kucha kutafuta maji. Nikiisoma sehemu ile koo linakauka.

Blackbeard alikuwepo kweli duniani? (Msomaji, Zanzibar)

Alikuwepo. Edward Teach, Mwingereza, aliuawa tarehe 22 Novemba 1718 huko Ocracoke, pwani ya Carolina Kaskazini, na kichwa chake kikatundikwa mbele ya merikebu. Oda amechukua majina mengi kwa maharamia wa kweli: Bonney, Bellamy, Drake, na Kid ambaye jina lake limetoka kwa William Kidd. Kidd huyo alipita kwa jirani zetu. Mwaka 1697 alitia nanga visiwa vya Komoro, na huko alipoteza mabaharia wengi kwa maradhi. Walimnyonga London mwaka 1701.

Teach wa kwenye manga ndiye ninayemsubiri kuliko wote. Alimuua mwenzake wa meli moja kwa ajili ya tunda la ajabu linalompa mlaji nguvu, akamkabidhi Ace, kaka wa Luffy wa kiapo, kwa serikali, akachukua tunda la pili kutoka kwa nahodha aliyemlea. Na huyohuyo, mara ya kwanza tulipomwona, alimwambia Luffy kwamba ndoto za watu hazina mwisho. Tukampenda. Mpaka leo sijui niyafanye nini mapenzi yale ya mwanzo, na naamini hivyo ndivyo mwandishi alivyotaka.

Sura mpya ikivuja Jumatano, tuisome au tusubiri? (Wasomaji wengi)

Subirini. Kurasa za kuvuja zina tafsiri za kukurupuka, na nusu ya ubishi mnaoniletea umezaliwa na sentensi iliyotafsiriwa vibaya. Sura rasmi ya Kiingereza hutoka bure kwenye MANGA Plus Jumapili saa kumi na mbili jioni, saa zetu. Siku nne hazijawahi kuua mtu.

Kaido aliitwa kiumbe mwenye nguvu kuliko wote duniani. Hukubali? (Msomaji, Lubumbashi)

Nakubali. Lakini nikuulize, unapomkumbuka Kaido unakumbuka rungu lake au mji wa Ebisu? Matunda yale ya nguvu ya kutengenezwa, wanayolishwa watu wa Kaido, hufanya kazi kwa mtu mmoja kati ya kumi. Wengine tisa hupoteza uwezo wa kuonyesha huzuni na hasira usoni, hubaki na kicheko tu. Masalia yaliyoumwa na kutupwa yalipelekwa kwa maskini wa Ebisu, nao wakala kwa sababu ya njaa. Siku Yasuie anauawa msalabani hadharani, mji wake wote unaangua kicheko. Toko, binti yake mdogo, anacheka mbele ya maiti ya baba yake huku machozi yanamtiririka. Rungu la Kaido limeangusha watu wengi. Kuwanyima watu msiba wao ni kitu kingine, na mpaka leo sijasoma ukatili mwingine wa kwenye manga uliofika hapo.

Salaam kaka. Kijana wangu wa miaka 11 anapenda sana haya mambo ya maharamia. Naogopa atawapenda wale wabaya. Nimzuie? (Mama wa watoto wawili, Mombasa)

Usimzuie, dada yangu. Atawapenda, hilo liko wazi, maana wamechorwa wapendeze. Kaa naye. Zipo sehemu za damu, na miaka 11 bado ni midogo, kwa hiyo usimwache peke yake na simu. Anzeni mwanzo, msiruke, mtafika kwenye nyumba ile ya pembeni yenye moshi na chakula cha watu watatu. Hapo simamisha, umuulize angefanya nini kama yeye ndiye angekuwa na laki moja tu. Kisha niandikie alichokujibu, nitakiweka hapa.