Kigoma hadi Mtwara kwa ndege: umbali na muda

Ndugu, umeuliza umbali wa Kigoma hadi Mtwara na muda wa kuruka. Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 1,300, ambazo ndege ya pangaboi kama Dash 8-400, inayokwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa, ingezimaliza kwa saa mbili na nusu hivi, kupaa na kutua kukiwemo. Hesabu hiyo haikufai sana, kwa kuwa safari za kawaida hupitia Dar es Salaam: karibu kilomita 1,080 kwanza, kisha 400 za kuelekea kusini. Kinachokula muda hasa ni kusubiri hapo kati. Hivyo nakushauri ukate tiketi moja ya safari nzima, ili ndege ya kwanza ikichelewa, mzigo wa kukutafutia nyingine uwe wa shirika.